Simu Moja, Mikono Mingi: Mwongozo Kamili wa Kubuni Huduma za Simu kwa Zahanati na Shule za Nyanda za Juu Kusini

Kabla hujafungua kompyuta, jibu swali moja: hiyo simu unayoibunia huduma inalala kwa nani?

Katika vijiji vingi vya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kama vile vya Kilolo, Makete, Ludewa, Ileje na Rungwe, simu ya familia ni kitochi, na haina mwenyewe mmoja. Asubuhi baba anaondoka nayo kwenda kupasua mbao au kuchuma chai. Mchana inaachwa dukani ikichajiwa. Jioni inarudi nyumbani, na mtoto wa darasa la tano anamsomea bibi meseji zilizoingia. Usiku kaka mtu anaiazima ampigie rafiki. Mbunifu aliyekaa mjini anaiona namba moja, anadhani ni mtu mmoja. Kosa hilo huzaa makosa mengine yote, kuanzia ujumbe unaosomwa na mtu asiyehusika hadi mama anayehesabiwa kuwa "amekumbushwa" wakati hakuona chochote.

Mfano nitakaoutumia zaidi ni huduma ya kuwakumbusha kina mama kliniki ya watoto wa chini ya miaka mitano. Nimeuchagua kwa sababu unaniuma. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa asilimia 56.9 ya watoto Iringa, asilimia 50.4 Njombe na asilimia 49.8 Rukwa. Mikoa hii ndiyo inayojaza maghala ya nchi kwa mahindi, maharage na viazi. Chakula kipo, ila maarifa, muda wa mama na huduma havimfikii mtoto kwa wakati. Hapo simu inaweza kusaidia kidogo, na hicho kidogo kinafaa kufanywa vizuri.

Hatua ya kwanza: ifuate simu kutwa nzima

Usianze na dodoso. Omba familia tatu au nne wakuruhusu ushinde nao: moja karibu na lami, moja bondeni, moja kule gari lisikofika wakati wa mvua. Fika, salimia, na usianze maswali salamu haijaisha. Uheheni na Ubena ukianza na "kamwene", au Unyakyusa ukasema "ugonile", utaona uso wa mzee unavyofunguka.

Andika nani anaishika simu saa ngapi, nani anajua kusoma, laini ngapi zinapokezana ndani ya simu hiyo, inachajiwa wapi na kwa shilingi ngapi, na vocha ya mwisho ilinunuliwa lini. Mwulize mama, "Meseji ikiingia asubuhi, wewe unaiona saa ngapi?" Akikujibu mbele ya mumewe, mwache mtafiti wa kike amwulize tena wakiwa wawili jikoni. Majibu mawili yanaweza kutofautiana, na la pili ndilo la kubunia.

Kisha upime mtandao kwa miguu. Chukua kitochi cha bei rahisi, siyo simujanja yako, weka laini za mitandao minne kwa zamu, na tembea kutoka zahanati hadi kitongoji cha mwisho. Milima ya huku haina huruma: bonde moja lina mnara, bonde la pili nyuma ya kilima halina kitu. Wenyeji watakuonyesha jiwe au mti ambapo watu husimama kupiga simu. Uandike mahali pake, kwa sababu mfumo wako wote utabidi uvumilie hadi mtu afike kwenye jiwe hilo.

Angalia pia majira. Mvua zetu ni za msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na ndio msimu wa kilimo. Ukizindua huduma Desemba, mama yuko shambani tangu alfajiri na barabara imeharibika.

Hatua ya pili: milango ya kubisha

Hii ni ya karatasi, lakini ianze mapema kuliko kuandika programu. Nenda kwa Mganga Mkuu wa wilaya au halmashauri kama ni afya, kwa Afisa Elimu kama ni shule, halafu ushuke kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Kama unakusanya takwimu za utafiti wa afya, unahitaji kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Namba fupi hutolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, na baada ya hapo kila kampuni ya simu huiunganisha kivyake. Usishangae mtandao mmoja ukaanza kazi wiki nyingi baada ya mwingine.

Isome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, taarifa za afya inaziweka kwenye kundi la taarifa nyeti, na kupeleka taarifa nje ya nchi kuna masharti yake. Kwa hiyo swali la seva yako iko wapi ulijibu mwanzoni, wala si baada ya kusajili mama 3,000.

Hatua ya tatu: chagua njia

Programu ya simujanja mpe mhudumu wa afya na mwalimu. Mama mpe sauti au meseji. Nitaeleza kwa nini.

Meseji inafika kwenye simu yoyote na inabaki. Kubaki huko ni faida kwa mtu anayetaka kuirudia, na ni hatari kwa mtu mwenye siri. Inamtaka mtu ajue kusoma, au awe na wa kumsomea.

Menyu ya nyota na reli, ile tuliyoizoea kwenye kutuma pesa, haihitaji bando, na majibu yake hayabaki kwenye simu ikishafungwa. Lakini skrini moja inabeba herufi 182 tu, na mtu akichelewa kuchagua, mawasiliano yanakatika na anaanza upya. Isizidi ngazi tatu. Itumie kwa mambo ambayo mtu anayatafuta mwenyewe, kwa mfano siku ya kliniki au tarehe ya kufungua shule.

Sauti ndiyo njia niipendayo zaidi kwa vijiji vyetu. Mama anabipu namba, mfumo unakata na kumpigia, hatozwi kitu. Anasikiliza kwa sekunde zisizozidi 60, anabonyeza 1 kurudia. Rekodi kwa Kiswahili, kisha uongeze Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe, Kibena au Kikinga kulingana na mahali, kwa sababu anayelea mtoto mchana mara nyingi ni bibi. Sauti iwe ya nesi wa huko huko, mtu ambaye bibi akimsikia anasema "huyu namjua". Sauti ya mtangazaji wa mjini husikilizwa kama tangazo la sabuni.

Zipo huduma ambazo hupaswi kuzibuni upya. Dharura za wajawazito na watoto wachanga zina namba 115, ya m-mama, isiyotozwa: anayepokea anamtafutia mama usafiri, hata wa dereva wa kijijini ikiwa gari la wagonjwa halipo. Kazi yako ni kuiweka 115 kwenye kila ujumbe wa mjamzito. Ukianzisha namba yako ya dharura, utamchanganya mtu wakati mbaya kuliko yote.

Hatua ya nne: sajili mtu, usisajili namba

Laini zetu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na mama wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mume, kaka au mtoto mkubwa. Jina linalotokea kwenye mtandao si jina la mama. Basi kwenye hifadhidata yako mtu awe na utambulisho wake, ule wa kadi ya kliniki, na namba ya simu iwe kitu cha pembeni: mtu mmoja anaweza kuwa na namba tatu, namba moja inaweza kuwa na mama watatu, wakwe na mawifi wa ua mmoja. Mifumo mingi niliyopewa kuirekebisha ilikataa kusajili mama wa pili kwa namba iliyokwishatumika. Nesi akawa anabuni namba za uongo ili skrini impitishe, na namba hizo zilikuwa za watu halisi mahali pengine.

Kwenye kila namba andika: ni ya nani, mama anaipata wakati gani, na kitu gani kisitajwe kupitia namba hiyo. Ihakiki kila mama anapokuja kliniki. Laini isiyotumika kwa muda hufungwa na kupewa mteja mwingine, na mteja huyo hana haja ya kujua habari za mtoto wa mtu.

Hatua ya tano: andika ujumbe

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi kuliko mahali pengine popote.

Meseji moja hubeba herufi 160. Ukizidisha inagawanywa katika vipande vya herufi 153, na kila kipande kinalipiwa. Kiswahili kina bahati, hakina herufi za ziada. Ila kuna mtego mmoja: kistari cha juu kwenye "ng'ombe" au "ng'ambo". Ukiandika ujumbe kwenye programu ya ofisini, kile kistari hupindwa kiwe cha mapambo, na ukikinakili kwenye mfumo, meseji nzima inabadilika aina na uwezo wake unashuka hadi herufi 70. Bili inapanda mara mbili au tatu na hakuna anayejua sababu. Programu yako inyooshe vistari vyote kabla ya kutuma.

Mtego wa pili ni saa. Kompyuta inahifadhi 8:00, inatuma "saa 8:00", na mama anakuja saa nane, yaani mchana, nesi akiwa anafunga rejesta. Nimewahi kuona mama ametembea na mtoto mgongoni akakuta siku ya chanjo imekwisha kwa sababu hiyo tu. Programu ipunguze saa sita na kuandika wakati wa siku: saa 2 asubuhi. Siku itajwe kwa jina, Jumanne, kwa kuwa tarehe peke yake haishiki akilini. Na kama Jumanne ni siku ya gulio, zungumza na zahanati: mama ana sababu mbili za kushuka, zitumie zote.

Mfano:

"Mama Neema, mtoto anatimiza miezi 9 wiki hii. Mlete zahanati Jumanne, saa 2 asubuhi, apate chanjo ya surua. Njoo na kadi. Ukishindwa jibu 1."

Herufi 140, nafasi zikihesabiwa. "Mama Neema" imekaa mwanzo kwa makusudi: simu inapopita mikononi, yeyote anayeisoma ajue ni ya nani na ampelekee. Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na miezi 18, na ile ya miezi 18 ndiyo watu huisahau, kwa kuwa mtoto anakimbia na anaonekana mzima. Ikumbushe mara mbili.

Jibu liwe tarakimu. Mwaka 2012 kampeni ya afya ya wajawazito, Wazazi Nipendeni, ilipoanza, mtu alituma neno MTOTO kwenda 15001 bila malipo, na yakaisha. Ndio mfano wa kuigwa: neno moja, shilingi sifuri. Ukilazimika kupokea maneno, mfumo ukubali "ndiyo", "ndio", "ndyo", "ndo" na "sawa", na usimhukumu anayebadilisha l na r. Lugha zetu nyingi za huku hazitenganishi sauti hizo, na mtu anaandika anavyotamka.

Tuma kati ya saa 1 na saa 2 usiku, simu ikiwa imerudi nyumbani na uji uko mekoni. Iambie kampuni inayokutumia meseji iongeze muda wa ujumbe kusubiri simu iliyozimwa, ufike walau siku mbili, la sivyo aliyeishiwa chaji Jumapili hatakuja Jumanne.

Hatua ya sita: siri

Katika utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022 hadi 2023, mikoa iliyoongoza kwa maambukizi kwa watu wazima ilikuwa Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Kwa hiyo kwenye mradi wowote wa afya huku, mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi yumo kwenye orodha yako. Ujumbe unaosema "usisahau dawa" ukisomwa na mkwe unaweza kuvunja nyumba.

Usimtungie maneno. Kaa naye, mwulize angependa kusoma nini. Mmoja atasema "Habari za leo?" inatosha. Mwingine atataka apigiwe na nesi fulani tu, mwingine hataki chochote, na hilo nalo ni jibu la kuheshimiwa na kuandikwa kwenye mfumo. Jina la mtumaji lisitaje ugonjwa wala kliniki maalumu. Na maneno ya watu wanaotumia ARV yasifanane yote, kwa sababu kijiji kinasoma alama haraka sana.

Hatua ya saba: mtu anayebeba mfumo mgongoni

Mama alijibu 1, ameshindwa kuja. Nani anaipokea hiyo? Kama jibu ni "dashibodi", huduma yako imekufa kabla ya kuzaliwa. Iende kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kitongoji chake, mwenye jina na baiskeli au miguu.

Nesi wa zahanati anajaza tayari vitabu vya MTUHA, vile vya taarifa za huduma za afya, kwa mkono. Usimpe kitabu kingine kilichovaa kioo. Chukua unachokihitaji kutoka kwenye kile anachoandika, na kama huwezi, punguza maswali hadi yabaki matano. Kaa naye siku ya kliniki yenye akina mama 60 na uone una sekunde ngapi za muda wake.

Ushahidi upo wa jinsi mambo madogo yanavyofanya kazi. Mwaka 2009 hadi 2010, katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, watumishi wa vituo 129 walitumia simu zao wenyewe kutuma kila wiki meseji ya bure yenye hesabu ya dawa za malaria zilizobaki, na aliyejibu alirushiwa vocha. Baada ya wiki 21, vituo vilivyoishiwa aina moja au zaidi ya dawa hizo vilishuka kutoka asilimia 78 hadi 26. Hawakununuliwa simu mpya. Waliheshimiwa muda wao na wakalipwa gharama yao.

Programu ya mhudumu ifanye kazi bila mtandao kabisa, ihifadhi, kisha ijitume yenyewe anapopita kwenye lile jiwe. Ijaribu kwenye simu ya zamani, yenye kioo kilichopasuka, nafasi ikiwa imejaa picha za harusi. Usianze kujenga kutoka sifuri wakati programu za kukusanya taarifa kama CommCare, ODK na Community Health Toolkit zipo na zinakubali Kiswahili.

Hatua ya nane: shule

Wanafunzi wetu kwa kawaida hawaruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo usibuni kama vile kila mtoto ana yake. Njia ni mbili: mwalimu na mzazi.

Walimu wengi walipewa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Anza na hicho alicho nacho. Kama shule ina umeme au sola, seva ndogo yenye Kolibri, programu ya masomo, inaweza kugawa masomo darasani bila intaneti hata kidogo. Weka nguvu darasa la kwanza na la pili, kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, na kidato cha kwanza, ambako mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili miaka yote anakutana ghafla na masomo kwa Kiingereza. Msamiati wa baiolojia na hesabu kwa lugha zote mbili, kwa sauti, ni zawadi kubwa kwa mtoto wa Ludewa.

Kwa upande wa mzazi, jifunze kutoka Botswana. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, familia zilitumiwa swali la hesabu kwa meseji kila wiki, na baadhi zikapigiwa pia simu ya dakika 15 hadi 20 na mwalimu. Waliopigiwa simu walipiga hatua kwenye hesabu. Waliopata meseji peke yake hawakuonyesha tofauti ya maana. Simu ile ilipokelewa na mzazi, ikawekwa kwenye spika, mtoto akajibu mzazi akisikia. Simu ya kupokezana, ambayo kwenye siri ilikuwa tatizo, hapa ni darasa la watu wawili. Ningeanza na hili kabla ya kununua kifaa chochote.

Hatua ya tisa: moto wa kuchajia

Tukuyu na Makete kuna siku nyingi za mawingu na ukungu. Paneli ya sola iliyopimwa kwa jua la Dodoma haitatosha. Ipime kwa wiki ya mvua, na mlipe mwenye kibanda cha kuchajia kama mshirika wa mradi.

Hatua ya kumi: pima kitabuni

Meseji 10,000 zilizotumwa ni hesabu ya bili tu. Fungua rejesta ya zahanati, hesabu watoto waliokuja kwa chanjo ya miezi 18, kabla ya huduma na baada yake, na linganisha na zahanati jirani isiyo na huduma. Kisha watafute wasiokuja, nyumbani kwao, uwaulize. Kumi tu watakufundisha zaidi ya grafu. Wengi hawatakuambia walisahau: watakutajia mto uliojaa, kibarua, au nesi aliyewakemea mbele ya watu mara ya mwisho. Hilo la mwisho halirekebishwi na programu, mpelekee mganga mfawidhi.

Hatua ya kumi na moja: siku ya kuondoka

Tangu bajeti ya kwanza, andika nani atalipa meseji mfadhili akiondoka: halmashauri, kamati ya zahanati au hakuna. Kama ni hakuna, huduma iwe na tarehe ya mwisho inayojulikana. Futa taarifa zisizohitajika tena, wakabidhi zahanati orodha yao kwenye karatasi, na watumie watu ujumbe wiki mbili kabla, kwa sauti na kwa maandishi: "Mama Neema, kuanzia Juni 1 hatutakukumbusha tena kwa simu. Siku ya kliniki bado ni Jumanne, saa 2 asubuhi. Dharura ya uzazi piga 115 bure."